Rubani wa kigeni

Rubani wa kigeni ni rubani wa ndege za kibiashara anayeajiriwa kurusha ndege katika nchi ambayo yeye si raia wake. Wengi wao huwa makapteni au marubani wasaidizi wa mashirika ya ndege za abiria na mizigo. Wengine hurusha ndege ndogo za watalii, za misaada au za kukodi. Mashirika makubwa ya nchi za Ghuba, hasa Emirates ya Dubai na Qatar Airways ya Doha, yamejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya kazi ya marubani wa aina hii.

Kazi ya rubani huonekana kuwa sawa duniani kote: ndege ya Boeing 737 huruka kwa namna ile ile Nairobi na Jakarta. Hata hivyo leseni ya rubani hutolewa na dola, na kila dola hulinda mamlaka yake juu ya ndege ilizozisajili. Kwa sababu hiyo rubani anayehamia nchi nyingine hubeba ujuzi wake wote, lakini haki ya kuutumia huko sharti aiombe upya.

## Msingi wa kisheria

Sheria kuu ni Mkataba wa Chicago uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944. Mkataba huo ndio ulioanzisha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), lenye makao yake makuu Montreal, Kanada.

Ibara ya 32 ya mkataba inasema kwamba rubani wa ndege inayosafiri kimataifa anapaswa kuwa na leseni iliyotolewa, au iliyokubaliwa, na nchi ambamo ndege hiyo imesajiliwa. Uraia wa rubani hautajwi hapo, wala mahali ndege inapotua. Kinachoangaliwa ni usajili wa ndege. Ibara hiyo hiyo inairuhusu kila nchi kukataa, ndani ya anga lake, leseni ambayo raia wake mwenyewe amepewa na nchi nyingine.

Usajili wa ndege hutambulikana kwa herufi na tarakimu zilizoandikwa ubavuni au karibu na mkia. Ndege za Kenya huanza na 5Y, za Tanzania 5H, za Uganda 5X, za Rwanda 9XR, za Burundi 9U, za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 9Q, za Falme za Kiarabu A6, za Qatar A7 na za Oman A4O. Kwa hiyo rubani Mtanzania anayetaka kurusha ndege yenye alama A6 anahitaji leseni inayotambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Falme za Kiarabu. Hilo halibadiliki hata siku anapotua Dar es Salaam, mbele ya macho ya mamlaka iliyompa leseni yake ya kwanza.

Kanuni hii inaeleza pia jambo ambalo mara nyingi huwashangaza watu. Ndege yenye alama 5Y inaweza kukodishwa pamoja na marubani wake ili ifanye kazi Somalia au Sudan Kusini kwa miezi mingi. Marubani hao wanaishi na kufanya kazi nje ya Kenya, lakini leseni yao ya Kenya inatosha, kwa kuwa ndege bado ni ya Kenya.

Ibara ya 33 inazitaka nchi wanachama zitambue leseni za nchi ya usajili, mradi masharti yaliyotumika kuzitoa yasiwe chini ya viwango vya ICAO. Viwango hivyo vimo katika Kiambatisho cha 1 cha mkataba, kilichopitishwa mara ya kwanza mwaka 1948. Ni viwango vya chini kabisa, na kila nchi inaweza kuongeza masharti yake. Tofauti hizo za nyongeza ndizo humletea rubani mhamiaji kazi kubwa.

## Masharti ya jumla

### Leseni na saa za kuruka

Viwango vya ICAO vinatambua ngazi kuu mbili za leseni kwa ajili ya kazi ya kulipwa. Ya kwanza ni leseni ya rubani wa biashara. Mwombaji anatakiwa awe na umri wa miaka 18 au zaidi na awe ameruka saa 200, au saa 150 kama alisoma katika kozi iliyoidhinishwa. Ya pili ni leseni ya rubani wa uchukuzi wa mashirika ya ndege, ambayo huhitaji umri wa miaka 21 na saa 1,500. Leseni hii ya pili ndiyo inayomruhusu mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa.

Juu ya leseni huandikwa idhini ya aina ya ndege. Rubani mwenye idhini ya Airbus A320 hawezi kurusha Boeing 787 mpaka asome na kufaulu mtihani wa ndege hiyo. Mafunzo hufanyika zaidi katika simuleta, yaani mtambo unaoiga mwendo wa ndege, na gharama yake hufikia makumi ya maelfu ya dola za Marekani.

Saa za kuruka huandikwa katika kitabu cha kumbukumbu za safari. Kwa rubani anayetafuta kazi nje, kitabu hicho ni mali. Mwajiri mpya na mamlaka ya nchi mpya huuliza saa ngapi ameruka kwa jumla, ngapi akiwa kapteni na ngapi kwenye ndege ya aina inayotakiwa. Kisha mamlaka mpya huiandikia mamlaka ya zamani kuthibitisha kwamba leseni ni ya kweli.

### Afya

Kila rubani wa biashara lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa. Kwa kawaida cheti hicho hudumu miezi 12. Kwa marubani waliotimiza miaka 60 muda hupungua kuwa miezi 6, na ndivyo ilivyo pia kwa waliotimiza miaka 40 wanaobeba abiria wakiwa rubani peke yao ndani ya ndege. Macho, masikio, moyo, mishipa ya fahamu na afya ya akili hupimwa.

Cheti cha nchi moja hakimaanishi kwamba daktari wa nchi nyingine ataridhika. Rubani anaweza kuwa ameruka miaka kumi kwao bila tatizo, kisha akakataliwa katika kipimo cha kwanza ugenini. Uchina inajulikana miongoni mwa marubani kwa ukali wa vipimo vyake.

### Lugha

Tangu tarehe 5 Machi 2008 marubani wa safari za kimataifa wanatakiwa kuonyesha kwamba wanaweza kuzungumza na kuelewa lugha ya mawasiliano ya redio, ambayo kwa kawaida ni Kiingereza. Kuna ngazi sita, na kiwango cha chini kinachokubaliwa ni cha nne. ICAO inapendekeza mwenye ngazi ya nne apimwe tena kila baada ya miaka mitatu, na mwenye ngazi ya tano kila baada ya miaka sita. Mwenye ngazi ya sita hapimwi tena.

Sharti hilo lilitokana na vifo vya watu wengi. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca kutoka Kolombia iliishiwa mafuta ikisubiri kutua New York, na watu 73 wakafa. Marubani waliwaambia waongozaji kwamba mafuta yanakwisha, lakini hawakutumia neno rasmi la kutangaza dharura, na waongozaji hawakutambua ukubwa wa hatari. Tarehe 12 Novemba 1996 ndege mbili, moja ya Saudia na nyingine ya Kazakhstan, ziligongana angani karibu na Charkhi Dadri, India. Watu wote 349 waliokuwemo walikufa. Udhaifu wa Kiingereza cha marubani wa Kazakhstan ulitajwa katika uchunguzi.

### Umri

Katika safari za kimataifa za kibiashara zenye marubani wawili, kikomo cha umri ni miaka 65. Kabla ya mwaka 2006 kilikuwa miaka 60. Nchi inaweza kuweka kikomo tofauti kwa safari zake za ndani. Mfano ni Japani, ambayo mwaka 2015 iliwaruhusu marubani kuendelea hadi kabla ya kutimiza miaka 68.

## Njia za kupata haki ya kurusha ndege

Nchi inayompokea rubani wa kigeni hufuata mojawapo ya njia mbili.

* Uthibitisho wa leseni. Mamlaka ya nchi mpya hutoa hati inayoikubali leseni ya zamani kwa muda maalumu, mara nyingi pamoja na mtihani wa sheria za anga za nchi hiyo. Leseni ya zamani ndiyo inayobaki kuwa msingi: ikiisha muda au ikisimamishwa, uthibitisho nao huanguka.
* Ubadilishaji wa leseni. Rubani hupewa leseni mpya kabisa ya nchi anakofanya kazi, baada ya mitihani ya nadharia, kipimo cha afya na mtihani wa kuruka.

Ugumu wa njia ya pili hutofautiana sana. Katika nchi zinazofuata kanuni za Shirika la Usalama wa Anga la Umoja wa Ulaya (EASA), mwenye leseni ya nje ambaye anataka leseni ya ngazi ya juu hufanya mitihani 13 ya nadharia, hata kama amekuwa kapteni kwa miaka ishirini. Nchini Marekani leseni ya kigeni inaweza kutumika kupata cheti cha rubani binafsi tu. Kwa kazi ya kulipwa, mtu hufanya mitihani ya Marekani yenyewe. Zaidi ya hayo, tangu mashambulizi ya 11 Septemba 2001, raia wa kigeni anayetaka mafunzo ya urubani huko huchunguzwa kwanza na idara ya usalama wa uchukuzi.

India ilitumia kwa miaka mingi kibali cha muda kwa marubani wa kigeni. Serikali ilipanga mara kadhaa kukomesha utaratibu huo, lakini tarehe ya mwisho iliahirishwa kila mara kwa kuwa makapteni wa nchini hawakutosha.

Leseni peke yake haitoshi. Rubani anahitaji pia kibali cha kazi na cha ukaazi, ambavyo hutolewa na idara nyingine na mara nyingi hufungwa kwa mwajiri mmoja. Hivyo ajira ya rubani wa kigeni husimama juu ya karatasi tatu: leseni, cheti cha afya na kibali cha ukaazi. Ikipotea moja, nyingine mbili hazina kazi.

## Historia

### Ethiopia

Katika nchi nyingi za Afrika na Asia usafiri wa anga ulianza kwa mikono ya wageni. Shirika la Ethiopian Airlines liliundwa mwaka 1945 kwa ushirikiano na kampuni ya Marekani ya TWA, na safari ya kwanza ilifanyika mwaka 1946. Marubani na wakuu wa idara walikuwa Wamarekani. Mwaka 1957 Alemayehu Abebe akawa Mwethiopia wa kwanza kuwa kapteni, na mwaka 1971 shirika likapata meneja mkuu Mwethiopia. Leo chuo cha shirika hilo mjini Addis Ababa hufundisha pia marubani kutoka nchi nyingine za Afrika.

### Afrika Mashariki

Shirika la East African Airways, lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, lilianza mwaka 1946 wakati wa ukoloni na kutegemea marubani Waingereza. Baada ya uhuru ilionekana haja ya kufundisha vijana wa nchi hizo, na mwaka 1971 chuo cha urubani kilianzishwa Soroti, Uganda.

Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Kenya Airways na Air Tanzania zilianzishwa mwaka huo huo, na Uganda Airlines iliyoundwa mwaka 1976 ikaanza kuruka. Marubani waliokuwa wa shirika moja walijikuta wakiwa wa nchi tatu tofauti. Jumuiya mpya ilianzisha mwaka 2007 wakala wa usalama wa usafiri wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, ambao kazi yake mojawapo ni kulinganisha kanuni za nchi wanachama.

### Nchi za Ghuba

Katika Ghuba, Gulf Aviation, ambayo baadaye iliitwa Gulf Air, ilianzishwa Bahrain mwaka 1950 na Freddie Bosworth, rubani Mwingereza. Emirates ilifanya safari yake ya kwanza tarehe 25 Oktoba 1985 kutoka Dubai kwenda Karachi, kwa kutumia ndege zilizokodishwa kutoka shirika la taifa la Pakistan, PIA. Qatar Airways ilianza kuruka mwaka 1994 na Etihad ya Abu Dhabi mwaka 2003.

Mashirika haya yalikua haraka kuliko idadi ya raia wa nchi hizo ambao wangeweza kufundishwa urubani, kwa hiyo yaliajiri kutoka kila bara. Hata hivyo serikali za Oman na Saudia zinahimiza nafasi za kazi, zikiwemo za marubani, zijazwe na raia wao.

### Uchina

Uchumi wa Uchina ulipopanuka, mashirika yake yalinunua ndege nyingi kabla ya kupata makapteni wa kutosha. Kati ya miaka ya 2010 na 2019 yaliajiri makapteni wa kigeni kupitia mawakala, na mikataba mingine ililipa zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka. Nafasi nyingi zilikuwa za makapteni wenye uzoefu. Rubani msaidizi kijana hakuhitajika sana, kwa sababu Uchina iliweza kumfundisha kijana wake mwenyewe.

## Mikataba na maisha

Mwombaji hupitia mahojiano, mtihani wa nadharia, vipimo vya tabia na zoezi la simuleta. Akikubaliwa, husoma taratibu za kampuni, kisha huruka chini ya uangalizi wa mwalimu kabla ya kuachwa katika ratiba ya kawaida.

Katika Ghuba mshahara hautozwi kodi ya mapato huko, na mkataba mara nyingi huongeza nyumba au posho ya nyumba, bima ya afya na msaada wa ada za shule za watoto. Hakuna pensheni kama ya nyumbani. Kwa sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, mfanyakazi wa kigeni hupewa kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata.

Mikataba mingine humpa rubani wiki kadhaa za kazi na wiki kadhaa za mapumziko, ili familia yake ibaki kwao. Anayechagua njia hii hahamishi watoto shule, lakini hukosa misiba, harusi na sikukuu nyingi.

Mwajiri anapolipia mafunzo ya ndege mpya, humfunga rubani kwa miaka kadhaa. Akiondoka mapema hurudisha sehemu ya gharama.

Uchovu ni suala la kudumu. Katika kanuni za Ulaya, kwa mfano, rubani haruhusiwi kuruka zaidi ya saa 100 katika siku 28 mfululizo wala saa 900 katika mwaka wa kalenda. Safari ndefu za usiku zinazovuka kanda nyingi za saa huchosha hata pale ambapo kikomo hakijavukwa.

Vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi katika Falme za Kiarabu, na nchini Qatar wageni hawawezi kuunda chama. Kwa hiyo rubani aliyetoka katika nchi yenye chama imara, kama kile cha marubani wa Kenya, KALPA, hujadili masharti yake peke yake.

## Usalama

Kuwa na marubani wa mataifa mbalimbali ndani ya chumba kimoja si hatari kwa yenyewe, na mashirika mengi huruka hivyo kila siku bila ajali. Taratibu za kampuni zilizoandikwa neno kwa neno husaidia: kapteni Mkenya na rubani msaidizi Mbrazili ambao hawajawahi kuonana husoma orodha ile ile na kujibizana kwa maneno yale yale.

Hatari hujitokeza pale ambapo mazoea ya zamani hayakufutika. Tarehe 10 Januari 2000 ndege ya Saab 340 ya shirika la Uswisi la Crossair ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka Zürich, na watu wote 10 waliokuwemo walikufa. Kapteni alikuwa raia wa Moldova na rubani msaidizi raia wa Slovakia. Wachunguzi waliona kwamba kapteni alipoteza mwelekeo gizani na kuinamisha ndege upande usiofaa. Jambo mojawapo walilolijadili ni kwamba alijifunzia ndege za Kisovyeti, ambamo kifaa cha kuonyesha mlalo wa ndege husomwa kwa namna tofauti na cha ndege za Magharibi. Ndiyo maana mafunzo ya kumpokea rubani mgeni hayapaswi kuishia kwenye vitufe na sheria pekee.

Kwa marubani wa ndege ndogo hatari huwa ya aina nyingine. Uwanja wa Wilson mjini Nairobi ni kituo cha ndege zinazopeleka misaada, mizigo na miraa katika nchi jirani. Tarehe 4 Mei 2020 ndege ya Kenya aina ya Embraer 120, iliyobeba vifaa vya kukabiliana na ugonjwa wa korona, ilitunguliwa ikikaribia kutua Berdale, Somalia, na watu wote sita wakafa. Ripoti ya kikosi cha Umoja wa Afrika ilieleza kwamba ilipigwa na askari wa Ethiopia walioidhania kuwa inakuja kushambulia.

## Leseni na heshima ya nchi

Kwa kuwa leseni hutegemea sifa ya nchi iliyoitoa, kosa la mamlaka moja linaweza kuwaangukia marubani wasio na hatia walio mbali.

Mwezi Mei 2020 ndege ya PIA ilianguka Karachi. Mwezi uliofuata waziri wa usafiri wa anga wa Pakistan aliliambia bunge kwamba marubani 262 kati ya 860 wa nchi hiyo walikuwa na leseni zenye shaka. Katika siku chache Vietnam iliwasimamisha marubani wote Wapakistani waliokuwa wakifanya kazi huko, na nchi nyingine zikaanza kuhakiki leseni zao. Umoja wa Ulaya uliizuia PIA kuanzia Julai 2020, na zuio hilo likaondolewa mwishoni mwa mwaka 2024. Idadi ya waliofutiwa leseni baada ya uchunguzi ilikuwa ndogo sana kuliko ile iliyotangazwa bungeni, lakini wengine walikuwa tayari wamepoteza miezi ya kazi.

Uingereza nayo ilionyesha jinsi karatasi inavyoweza kugeuka ya kigeni bila mwenyewe kuhama. Tarehe 31 Desemba 2020 kipindi cha mpito cha kutoka katika Umoja wa Ulaya kilikwisha. Kuanzia siku iliyofuata leseni ya Uingereza haikutosha tena kurusha ndege iliyosajiliwa katika nchi ya umoja huo. Marubani wengi walikuwa wameshahamishia leseni zao Ireland, Austria na kwingineko. Waliochelewa walikabiliwa na mitihani ile 13.

## Athari kwa nchi wanakotoka

Rubani hufundishwa kwa gharama kubwa, na nchi maskini humpoteza akiwa amekomaa. Mashirika ya Afrika Mashariki yamepoteza marubani kwa mashirika ya Ghuba, na kila kapteni anayeondoka huacha pengo lisilojazwa kwa kuajiri kijana aliyetoka chuoni, kwa kuwa saa 1,500 haziwezi kununuliwa. Pengo hilo mara nyingine huzibwa kwa kumwajiri mgeni kutoka nchi nyingine tena.

Baadhi ya serikali zimejaribu kupunguza kasi hiyo. Mwaka 2017 India iliagiza kwamba kapteni anayetaka kuacha kazi atoe taarifa mwaka mmoja kabla, na rubani msaidizi miezi sita. Marubani walilalamika kwamba hakuna mwajiri wa nje anayeweza kumsubiri mtu mwaka mzima.

Upande wa pili, marubani hutuma fedha nyumbani, na wanaorejea huja na uzoefu wa ndege kubwa ambao mashirika ya kwao yanauhitaji yanaponunua ndege mpya. Vilevile vijana kutoka Ulaya na kwingineko huja Afrika kukusanya saa za kuruka. Maun nchini Botswana, na viwanja vya mbugani nchini Tanzania na Kenya, vimewapokea wengi wao wakirusha Cessna 208 Caravan zenye watalii, kabla ya kurudi kwao kuomba kazi katika ndege kubwa.

## Janga la korona

Udhaifu wa ajira hii ulionekana wazi mwaka 2020. Kwa hesabu za ICAO, abiria wa ndege duniani walipungua kutoka takriban bilioni 4.5 mwaka 2019 hadi bilioni 1.8. Mashirika ya Ghuba yaliwaachisha kazi maelfu ya wafanyakazi, marubani wakiwemo. Mwezi Oktoba mwaka huo Cathay Pacific ya Hong Kong ilifunga kampuni yake tanzu ya Cathay Dragon na kuwataka marubani waliobaki wakubali mikataba yenye malipo madogo zaidi.

Rubani raia aliyepoteza kazi alibaki nyumbani kwake. Rubani wa kigeni alipoteza pamoja na mshahara nyumba ya kampuni, shule ya watoto na haki ya kuendelea kuishi nchini. Aliporudi kwao alikuta leseni ya zamani imeisha muda, ikiwa hakuwa ameihuisha miaka yote hiyo. Tangu hapo imekuwa ushauri wa kawaida miongoni mwa marubani kwamba anayekwenda kufanya kazi nje asiiache leseni ya nyumbani ife, hata kama haitumii, na asiingie ndani ya nyumba ya mwajiri bila akiba ya kumtoa humo.

Usafiri uliporejea kuanzia mwaka 2022, mashirika mengi yaliyokuwa yamepunguza watu yalianza tena kutafuta marubani, na safari za wageni zikaanza upya.

## Tazama pia

* Rubani
* Mkataba wa Chicago
* Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga
* East African Airways
* Uwanja wa ndege wa Wilson